Bibi Harusi Yuko Wapi Kwenye Picha?

Mazungumzo haya niliyatoa Jumamosi moja baada ya swala ya alasiri, kwenye ukumbi wa madrasa, Ngamiani, Tanga, mbele ya akina mama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mpwa wangu alinirekodi kwa simu. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimepunguza vicheko, na pale umeme ulipokatika tukawa tunapepeana kwa kanga.

Asalaam aleikum. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Na nyie kaka zangu mliojibanza barazani huko nje mkijifanya mnangoja maghribi, sogeeni dirishani, nanyi yanawahusu.

Mwenyekiti aliniambia nije nizungumzie maisha ya Ulaya. Nimemwomba radhi. Maisha ya Ulaya mmeshayaona kwenye simu zenu, na mengi mliyoyaona yamepigwa picha siku ya jua. Mimi nimekuja kuzungumzia pale katikati, tangu siku unayoolewa hadi siku unayotoka uwanja wa ndege ukamkuta mumeo kasimama na koti la kukuvisha mkononi. Kwangu mimi hapo katikati palikuwa na miezi 14. Nimeambiwa humu ndani wapo watatu wanaopita hapo hivi sasa: mmoja mumewe yuko Ujerumani, mmoja Uingereza, na mmoja Sweden. Basi leo ni zamu yenu nyie watatu, wengine wote ni mashahidi.

Mume wangu mnamjua, mtoto wa Makorora. Alitoka hapa baharia, akazunguka na meli miaka mingi, mwisho akapata kazi ya ghala bandarini Hamburg na kibali cha kudumu. Akaja likizo, akaposa, akaoa, akarudi kazini. Mimi nikabaki kwetu Barabara ya 12 na cheti cha ndoa kwenye mfuko wa nailoni. Nilidhani kilichobaki ni tiketi.

Siku ya miadi yangu ya viza ilipofika nilipanda basi la usiku kwenda Dar es Salaam, kilomita 350 hivi, nikaoga kwa mama mdogo Temeke, nikavaa baibui jipya, nikaenda ubalozi wa Ujerumani. Mkononi nina bahasha ya kaki. Ndani mna fomu, pasi ya kusafiria, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na picha 22 za harusi. Picha nilizichagua mwenyewe, zile nzuri nzuri.

Dirishani alikuwepo mama mmoja mpole, anazungumza Kiswahili safi. Akazitandaza picha zangu mezani kama mtu anayepanga karata. Akaangalia ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza. Akaniuliza, "Bibi harusi yuko wapi?"

Nikainama nami niangalie. Picha ya kwanza mume wangu msikitini, kanzu na joho, kilemba kimekaa vizuri, kashikana mkono na shehe. Ya pili baba yangu na mjomba. Ya tatu wanaume wanagawiwa halua. Ya nne wazee wameinua mikono wanaomba dua. Picha 22 za harusi yangu, mimi simo hata moja!

Mnacheka. Mimi siku ile sikucheka. Nyie mnajua picha zangu zilikuwa wapi. Zilikuwa kabatini kwa mama, zile za ukumbini, nywele wazi, mikono imechorwa piko hadi kwenye viwiko. Mama alisema haziangaliwi na wanaume, na alizifungia kwa ufunguo. Mimi mwenyewe sikufikiria kwamba kuna mtu duniani angehitaji kuziona.

Yule mama akaendelea. "Ndoa ilipofungwa ulikuwa wapi?" Nikamwambia chumbani. "Chumba cha wapi?" Nyumbani kwetu. "Na ndoa ilifungwa wapi?" Msikitini. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo wewe hukuwepo kwenye ndoa yako." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayehakiki hesabu, akaandika.

Sasa hebu tulieni, maana yote niliyokuja kusema leo yamo kwenye sentensi ile ya yule mama. Kila aliyemo humu anajua ndoa yangu ilifungwaje. Shehe alikuja nyumbani na mashahidi wawili, wakasimama nyuma ya pazia, akaniuliza kama naridhia kuolewa na fulani kwa mahari kadha. Mara ya kwanza nikanyamaza kama nilivyofundwa, somo yangu akanifinya, nikaitikia. Wakarudi msikitini, baba akawa walii, akaozesha. Nilikuwepo kuliko mtu yeyote. Lakini kuwepo kwangu kumekaa vinywani mwenu. Hapa kwetu ukitaka kujua fulani ni mke wa nani, unamuuliza jirani, na jirani atakuambia mpaka mahari yalikuwa kiasi gani, mkaja wa mama ulikuwa shilingi ngapi, na nani alilalamika kwamba pilau haikumfikia. Afisa wa viza hana jirani Ngamiani. Anachokijua kuhusu wewe ni kile kilichomo kwenye bahasha yako, basi. Kisichokuwa kwenye karatasi, kwake hakijatokea.

Baada ya wiki kadhaa ikaja barua inataka maelezo. Hapo ndipo tulipoandika ukurasa mmoja. Tulieleza hatua kwa hatua: nani alikuja kuniuliza, saa ngapi, nani walikuwa mashahidi, kwa nini mwari hakai msikitini, walii ni nani na anafanya kazi gani. Shehe akatia saini, baba akatia saini, mashahidi wakatia saini na namba zao za vitambulisho. Tukapeleka kwa mfasiri anayetambuliwa, ikawa Kijerumani. Mama akafungua kabati, akatoa picha mbili alizoona zina stara, moja mume wangu ameingizwa ndani kunishika paji la uso, nyingine tumekaa wawili. Karatasi ile moja na picha mbili zilinila wiki saba. Ningeziweka tangu mwanzo zisingenila hata siku.

Kwa hiyo nyie ambao bado hamjaolewa, na mama zao, sikilizeni. Siku ya ndoa, kabla watu hawajaanza kugombea viti vya pilau, kaeni bibi na bwana harusi mezani, mtie saini cheti, mpigwe picha mkiwa mnatia saini. Uso uonekane. Nywele funika, hakuna anayezitaka nywele zako. Picha moja hiyo. Mengine yote pigeni mnavyotaka.

Na cheti chenyewe kiwe cheti. Shehe awe na leseni ya kufungisha ndoa na kile kitabu cha Serikali chenye namba, si karatasi ya daftari yenye muhuri wa msikiti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa ziandikishwe, za msikitini, za kanisani na za bomani, na nakala ya cheti inatakiwa ifike kwa Msajili, ambaye kwa sasa yuko RITA, ule wakala wa Serikali wa usajili. Wapo watu cheti wanacho mkononi lakini nakala haikufika kokote, na wanalijua hilo siku wanapokwenda kukihakiki. Mwulize shehe wako. Ukiona anakukwepa, nenda RITA mwenyewe ukaulize.

Ile sheria yetu ina jambo jingine, kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili na jamii ikawaona ni mume na mke, mahakama inaweza kuwachukulia kuwa wameoana. Inasaidia kwenye mirathi na kesi za nyumbani. Usiende nayo ubalozini.

Talaka nayo. Kama wewe uliwahi kuolewa au mumeo aliwahi kuoa, talaka ya mdomo haitoshi, na ile karatasi ya "nimemwacha fulani binti fulani" haitoshi. Huku Bara ndoa inavunjwa na mahakama, baada ya kupita baraza la usuluhishi. Bila hukumu ya mahakama, mbele ya afisa mumeo bado ana mke, nawe unakuwa wa pili. Na Ujerumani mume anayeishi kule na mke mmoja hamleti mwingine. Sisemi mambo ya dini hapa, dini mnayo na masheikh mnao. Nasema kadi ya ukaazi inatoka moja.

Haya, majina. Hapa naomba kila mtu akifika nyumbani leo atoe vyeti vyake avipange kitandani. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa kile cha NIDA, pasi ya kusafiria, cheti cha ndoa, vyeti vya shule kama vipo. Soma jina herufi kwa herufi. Nawajua watu ambao kwenye cheti cha kuzaliwa ni Mwanaidi, kwenye kitambulisho ni Mwanahidi, na kwenye cheti cha ndoa shehe kaandika Mwana Idi, mafungu mawili. Sisi tunasema ni yule yule, tena tunajua mpaka nyumba aliyozaliwa. Kompyuta inaona watu watatu.

Langu lilikosewa kwenye ofisi moja, siitaji, jina la babu likapunguzwa herufi. Niliambiwa, "Ah, dada, kitu kidogo hicho." Kitu kidogo hicho kilinipeleka kwa wakili nikaapa kiapo, kikanirudisha ofisini mara nne. Msirekebishe kuanzia mwisho. Anzeni na cheti cha kuzaliwa, kikikaa sawa ndio NIDA, NIDA ikikaa sawa ndio pasi. Pasi yetu ya kielektroniki, ambayo ilianza 2018, ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Ukiitengeneza kwa jina bovu umelipa miaka 10 ya maelezo.

Halafu mtaulizwa kwa nini wewe na mumeo hamna jina moja la ukoo. Wenzetu wamezoea mke na mume wawe na jina moja, au angalau wachague. Jibu ni fupi: sisi tunafuata jina la mtoto, la baba, la babu, na mwanamke akiolewa haachi la baba yake. Liandike kwenye barua yako hilo hilo, mstari mmoja.

Sasa mtihani wa lugha. Dada yetu wa Ujerumani, usinung'unike, mimi nilishanung'unika kwa niaba yako. Wanadai Kijerumani cha mwanzo kabisa, ngazi ya A1, tangu 2007, na cheti kinatakiwa kabla hujaondoka. Wapo wanaosamehewa, kwa mfano wake wa wale wenye ile kadi ya bluu ya wataalamu, kwa hiyo kwanza mumeo asome kadi yake vizuri imeandikwa nini. Mume wangu hakuwa na bluu. Nikasoma.

Mtihani wa maandishi ni dakika 65: kusikiliza, kusoma na kuandika. Kuandika kwenyewe unajaza fomu yenye nafasi tano na barua fupi ya maneno kama 30. Kisha kuzungumza, mnaingia kikundi kidogo. Unajitambulisha, unachomoa kadi yenye neno unauliza swali, unachomoa yenye picha unaomba kitu. Unatakiwa upate pointi 60 kati ya 100. Mimi nilichomoa picha ya kiti, na mwenzangu niliyetakiwa kumwomba kiti alikuwa mzee wa makamo kutoka Moshi ambaye jasho lilikuwa linamdondoka kwenye kadi yake. Nikamwomba kiti kwa adabu zote, akaniitikia na kuinuka kweli akitaka kunipa alichokalia. Msimamizi akacheka, sote tukapona woga.

Kilichonisumbua zaidi ni kutaja herufi za jina. Wenyewe mnalijua jina langu, lina W na J. Kwa Wajerumani W inaitwa "ve" na J inaitwa "yot". Nilikuwa nikifagia uani nataja herufi, nikichambua mchele nataja herufi, mpaka watoto wa jirani wakalijua jina langu kwa Kijerumani. Na nyumba nzima niliibandika karatasi. Mlango una jina lake, dirisha lake, sufuria lake, ndoo lake. Mama akitoka chumbani anasoma, "Mbona kitanda changu kimeandikwa?" Kitu kimoja nilikosa jina lake ni mbuzi ya kukunia nazi. Nilipekua kamusi yote. Mpaka leo nikimwomba mume wangu mbuzi namwambia mbuzi.

Nilisoma kwenye Taasisi ya Goethe pale Upanga, miezi mitatu nikiishi Temeke. Aliye na nafasi asome darasani. Asiye na nafasi asome nyumbani akafanye mtihani tu, cheti hakiulizi ulisomea wapi. Muhimu usinunue cheti. Sitaki kusema zaidi, wanaouza wanajijua, na ukifika dirishani na cheti cha kununua afisa anakusalimia tu kwa Kijerumani, "Habari, umekuja na nini leo?" Kazi imeisha.

Fedha nitapita haraka. Ada ya viza ya Ujerumani kwa mtu mzima ni euro 75, na aliyeolewa na raia wa Ujerumani halipi. Mzigo wenyewe uko kwa mume. Anatakiwa aonyeshe mshahara, bima ya afya na nyumba ya kutosha, ambayo kwa kawaida huhesabu mita za mraba 12 kwa kila mtu mzima. Mume wangu alikuwa anaishi na mabaharia wenzake wawili kwenye vyumba viwili, wanapika ugali zamu kwa zamu. Faili langu likatoka ubalozini likaenda kwa ofisi ya wageni ya mji anaoishi, wao ndio hasa wanaoamua, wakauliza mke atalala wapi. Akahangaika kutafuta nyumba, na nyumba Hamburg ni kama kutafuta kivuli Tangamano saa saba mchana. Kwa hiyo nyie mnaolalamika kwamba mume hashughulikii, muulizeni kwanza analala wapi. Wengine wanaona aibu kusema.

Dada wa Uingereza, kwenu hesabu ni ya mshahara. Tangu Aprili 2024 anayekuita anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, zamani ilikuwa 18,600. Nawe utapimwa kifua kikuu kwenye kliniki wanayoitambua, hospitali yoyote tu haikubaliki, na cheti chake kinaishi miezi sita, kwa hiyo usikimbilie kupima kabla karatasi nyingine hazijakaribia. Kiingereza nacho kinapimwa. Dada wa Sweden, wao huangalia kinachobaki mfukoni mwa mumeo baada ya kulipa kodi ya nyumba, na nyumba ya watu wazima wawili iwe angalau na chumba kimoja na mahali pa kupikia. Kibali kitoke ukiwa bado huku. Nimeyasema haya kwa ufupi kwa kuwa mimi nilipita njia moja tu, na hizi hesabu wanazibadilisha. Kabla ya kulipa chochote fungua tovuti ya Serikali ya nchi husika yenyewe, soma tarehe ya chini kabisa.

Na mtu asije akawadanganya mwende kwa viza ya matembezi ya siku 90 halafu "mambo yatarekebishwa kule kule". Walio wengi wanaambiwa warudi wakaombe upya kutoka nyumbani. Umelipa nauli mara mbili na umejiandikia swali kwenye faili lako.

Tumefika kwa vishoka. Mnawajua. Anakaa nje ya steshenari na simu mbili, anakwambia ana mtu wake ndani. Kazi yake kubwa ni kukuuzia siku ya miadi, na miadi ya ubalozi wa Ujerumani ni bure, unajaza kwenye intaneti mwenyewe. Lakini hasara ya pesa siyo inayonitisha. Inayonitisha ni hadithi anazowatungia watu.

Nimemfahamu msichana, sisemi wa wapi, aliyeolewa na binamu yake, mtoto wa mama mkubwa. Jambo la kawaida, wangapi humu wameolewa na mabinamu? Mwaona mikono hiyo. Kishoka akamwambia Wazungu hawapendi hayo, sema mlikutana chuoni. Akasema walikutana chuoni. Mumewe kule Ulaya siku ile ile, saa ile ile, anaulizwa ofisi nyingine, naye hakuambiwa lolote. Akasema kweli, huyu ni binamu yangu, tumekua pamoja. Wanafanya hivyo wakiwa na shaka, wanawahoji wote wawili kwa wakati mmoja ili msipigiane simu. Ujerumani mabinamu kuoana si kosa, sheria inawaruhusu. Walikataliwa kwa uongo ambao haukuwa na kazi yoyote. Ndoa ya kweli kabisa, ilikuwa na mkeka na mahari na pilau, ikaonekana ya kughushi kwa ajili ya neno "chuoni". Nchi nyingine huenda zina sheria nyingine juu ya mabinamu, uliza kwanza, lakini uliza kwa mtu anayeisoma sheria.

Ukikataliwa, barua inakuja na sababu na inakuja na muda. Kwa Ujerumani ni mwezi mmoja wa kwenda Mahakama ya Utawala ya Berlin, au unaomba upya ukiwa umeziba tobo lililotajwa. Barua hiyo usiichane, hata ukilia. Mwombe mtu akusomee mstari kwa mstari.

Kuna mzee mmoja hapo nje ameniuliza nikiwa naingia, kwa nini wanatusumbua hivi, wakati wao Wajerumani walipokuja kujenga reli hapa Tanga mwaka 1893 hakuna aliyewauliza cheti cha ndoa. Mzee wangu, swali lako lina haki yake, na hospitali ya Bombo na majengo mengine bado yanalishuhudia. Tanga na mji wao wa Eckernförde ni marafiki tangu miaka ya 1960, tena shule hapa ina jina hilo na sote tunalitamka kwa raha zetu. Urafiki wa miji haujazi fomu, ndivyo nilivyoona.

Ukishapata viza usidhani umemaliza. Viza ni ya kukufikisha, kibali cha ukaazi chenyewe ni kadi utakayoiomba kule. Ndani ya wiki mbili tangu uhamie uwe umejiandikisha anwani, na mwenye nyumba akuandikie karatasi kwamba unaishi kwake. Kisha ofisi ya wageni, alama za vidole, kungoja. Mke aliyefuata mumewe anaruhusiwa kufanya kazi, usikubali kuambiwa vinginevyo. Na utapelekwa darasani, saa 600 za lugha na 100 za kujifunza nchi inavyoendeshwa. Mimi darasa lile ndilo lililoniokoa. Wiki ya kwanza nilikuwa nakaa dirishani natazama mvua, namngoja mume arudi zamu ya usiku nipate mtu wa kumsalimia. Darasani nikawapata Mwafghani mmoja, Mghana mmoja na mama wa Kituruki ambaye alikuwa analeta chai kwenye chupa kama sisi.

Bibi pale mbele ameinua mkono tangu nianze. Anauliza: na ukifika ukamkuta ana mwingine? Au ukamkuta ana mkono mwepesi?

Ahsante bibi. Kadi yako ya kwanza imefungwa kwenye ndoa, ndoa ikivunjika mapema nayo inayumba. Lakini mkishaishi pamoja kama mume na mke miaka mitatu kule Ujerumani, mwanamke anaweza kupata kibali chake mwenyewe. Na kama anapigwa, hiyo miaka mitatu haimfungi, sheria imeacha mlango kwa shida kubwa kama hiyo. Ipo namba ya simu kule, 116 016, bure, usiku na mchana, na wana wakalimani. Msichana wako akisafiri, bibi, mwandikie kwenye karatasi ndogo uitie kwenye mkoba wake, asiihifadhi kwenye simu ambayo mume anaijua namba ya kufungulia. Na pasi yake ya kusafiria akae nayo mwenyewe. Mume mwema hatakasirika kwa hilo, wangu hakukasirika.

Swali la mwisho, la nani? La dada wa Sweden. Anauliza meseji za wasap zinafaa? Zinafaa, lakini usipeleke zote, hakuna wa kusoma miaka miwili ya "umekula?" Chagua chache kila baada ya miezi kadhaa, zenye tarehe, na risiti za pesa anazokutumia, na tiketi za alipokuja. Zile za ugomvi pia weka moja, mume na mke wasiogombana hawaaminiki popote.

Mimi nipo mpaka Ijumaa ijayo, kwa dada yangu, Barabara ya 12, nyumba yenye mwarobaini. Mwenye karatasi aje baada ya alasiri. Leteni kopi, vyeti vyenyewe muviache nyumbani, maana wajukuu wa pale wanachora kila kitu. Na wewe mwanangu wa Ujerumani, njoo na mama yako. Aje na ufunguo wa kabati.